Sheria Inayoahirishwa Si Sheria

Watu wa Mpumalanga, huko Afrika ya Kusini, wanavuta moshi wa makaa ya mawe usiku na mchana. Emalahleni imezungukwa na mitambo ya umeme ya Eskom. Secunda ina kiwanda cha Sasol kigeuzacho makaa kuwa mafuta. Taa zawaka nchi nzima, moshi wabaki kwao.

Wala si kwamba sheria haipo. Katiba ya 1996 yampa kila mtu haki ya mazingira yasiyodhuru afya yake. Mwaka 2007 serikali yenyewe ilitangaza kuwa hewa ya Highveld yahitaji hatua maalum. Mwaka 2010 vikatolewa vipimo vya moshi: mitambo ya zamani itimize cha kwanza 2015, na kilicho kikali zaidi 2020.

Kisha nini? Eskom ikaomba muda, ikapewa. Ikaomba tena. Kipimo cha gesi ya salfa cha 2020, kilichokuwa miligramu 500 kwa kila mita ya ujazo, kikalegezwa kikawa 1,000. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ikahukumu kwamba hewa hiyo inavunja haki iliyomo katika Katiba. Na bado, Machi 2025, mitambo 8 ya Eskom ikapewa msamaha mwingine, ingawa wenye masharti!

Wakubwa wanasema: mkibana moshi, taa zitazimika. Twajibu: umeme twautaka, kwani giza si maendeleo. Lakini dawa ya moshi yajulikana. Maji yaliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa hunyunyizwa ndani ya moshi, salfa ikashikwa na kuwa jasi. Mtambo wa Kusile ulijengwa na chombo hicho. Ni ghali, hatubishi. Lakini asiyekinunua haokoi fedha; anahamisha deni kutoka vitabu vya shirika hadi kifuani mwa mtoto.

Eskom ni mali ya taifa, na mali ya umma haifai kuudhuru umma. Kwa hiyo twasema wazi: kila mtambo uwekewe tarehe isiyosogezwa, vipimo vya moshi vibandikwe hadharani, usiotengenezeka ufungwe, na wafanyakazi wake watafutiwe kazi kwanza.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ya Highveld yaumiza mapafu. Basi, kungoja kukome!