Kiswahili cha Bwera kianzie kwenye Lukonzo

Sokoni Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, mteja aliyevuka kutoka Kasindi anauliza, "Vitenge hii ni bei gani?" Muuzaji anataja bei, wanapatana, mzigo unafungwa. Biashara imekwenda. Lakini mwanafunzi wa Bwera akiiandika sentensi hiyo kwenye mtihani atapoteza alama: vitenge ni "hivi", si "hii".

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi ni mzuri. Kinachobaki ni namna ya kukifundisha, na hapo Kasese, wilaya iliko Bwera, ina mtaji ambao shule zisiuache ukalala.

Mtoto aliyelelewa kwa Lukonzo, lugha ya Wakonzo wa Kasese, anaingia darasani akiwa na ngeli kichwani. Kwake mtu ni omundu, watu ni abandu. Mti ni omuti, miti ni emiti. Nomino ikibadilika, kivumishi na kitenzi huifuata, na hilo hakufundishwa na mwalimu yeyote. Kumweleza upatanisho wa Kiswahili kwa Kiingereza, lugha isiyo na ngeli, ni kumzungusha mlima mzima ili afike kwa jirani.

Wapo wanaojifunza sarufi ya viambishi kama hii bila urithi wowote. Kiklingoni, lugha ambayo mwanaisimu Marc Okrand aliitungia filamu za Star Trek, kilipata kamusi mwaka 1985. Kitenzi chake hubeba mtenda na mtendwa kwa pamoja: "qalegh", nakuona. Mzungumzaji wa Kiingereza hana budi kulizoea jambo hilo. Mkonzo amelipata kwa mama yake.

Mlango uko wazi tayari. Tangu mtaala wa 2007, madarasa matatu ya kwanza ya msingi nchini Uganda hufundishwa kwa lugha ya eneo. Basi mwalimu wa Bwera aandike ubaoni sentensi ya Lukonzo, na chini yake ya Kiswahili, wanafunzi wazilinganishe wenyewe kiambishi kwa kiambishi. Hata ile ya vitenge iletwe darasani, isichekwe, ipangwe upya. Vyuo vya ualimu viwaandae walimu kwa kazi hiyo, na wizara ichapishe vitabu vya Kiswahili vyenye mifano ya Lukonzo kabla ya kuwapima watoto wa Kasese kwa mtihani wa taifa.