Kuposa si Kutongoza: Tusijifiche Nyuma ya "Woo"



Ndugu wazazi na wanafunzi, Kiingereza kina kitenzi cha herufi tatu, "woo", kinachotamkwa "wuu". Ni neno kongwe. Maana yake ya asili ni mwanamume kutafuta moyo wa mwanamke, hasa kwa nia ya kumuoa. Baadaye likapanuka, likawa pia kutafuta wateja, wawekezaji na wapiga kura. Hatuna ugomvi na Waingereza kwa neno lao. Ugomvi wetu ni na sisi wenyewe, tunaolipokea bila kulipima.

Kijana akiulizwa kwa nini anamtumia binti wa watu ujumbe saa sita za usiku, hujibu kwa Kiingereza kwamba anam-"woo" tu. Neno linasikika safi, kama la kitabuni. Basi mwambieni aseme kwa Kiswahili, muone atakavyobabaika! Kiswahili hakimpi pa kujificha: ama anaposa, ama anatongoza. Anayeposa hutuma mshenga au barua, na jina lake na la babake likajulikana. Anayetongoza huanza kwa kuomba namba ya simu, akamalizia kwa "usimwambie mtu".

Wanafunzi wa fasihi wanayo mifano miwili ya Shakespeare. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, wachumba wa Portia wanakuja mchana kweupe na kukubali sharti la marehemu babake: kuchagua kijisanduku cha dhahabu, cha fedha au cha risasi. Katika Othello, babake Desdemona anaamshwa usiku na kelele za watu, ndipo anapojua kuwa bintiye ameshaondoka nyumbani. Kiingereza huziita njia zote mbili "woo". Mwanafunzi anayefasiri zote mbili kwa "kutongoza" anamvunjia heshima Bassanio aliyepita mlangoni. Na anayefasiri zote mbili kwa "kuposa" anamficha babake Desdemona kilichotendeka nyumbani mwake.

Atatokea wa kusema: kwani Uislamu unakataza mtu kumpenda anayetaka kumuoa? La hasha. Mughira bin Shu'ba (r.a.) alipotaka kuoa, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza akamtazame kwanza yule mwanamke, kwani hilo huleta maelewano zaidi baina yao, kama alivyopokea Tirmidhi. Na katika Suratul Baqara, aya ya 235, mwanamume ameruhusiwa kumdokezea posa mwanamke aliye edani kwa kufiwa na mumewe, lakini akakatazwa kuahidiana naye kwa siri. Angalieni mpaka ulipowekwa. Kupenda hakukukatazwa, kilichokatazwa ni ahadi ya uchochoroni.

Lakini tusiwaelemee vijana peke yao. Wazazi nasi tuna lawama, tena kubwa. Mshenga anapokuja na tukamrudisha kwa sababu ya kabila, au tukataja mahari ya kumkimbiza, tunaufunga mlango kwa mikono yetu. Kisha tunashangaa kijana akionekana dirishani! Na wapo wanaopokea posa, wakala na kunywa na wageni, binti hajaulizwa hata neno moja. Hiyo nayo si sunna. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba bikira huombwa idhini yake. Hapa "woo" inatukumbusha jambo la haki: moyo wa binti ni wake, wala haujumuishwi katika mahari.

Hata siasa inatufunza. Kenya ilipokuwa ikielekea uchaguzi wa Agosti 2022, wanasiasa walizunguka vijijini kutafuta mioyo ya watu. Mgombea anayekuja na maneno matamu, kisha akishapata kura hapokei simu, huyo hakuposa. Alitongoza.

Kwa hiyo tunawaomba walimu: neno hili likitokea darasani, msilifasiri kabla ya kuuliza, je, nia inajulikana, na wenye mlango wanajua? Na kwako kijana: kama huwezi kuyasema unayoyafanya kwa lugha ya mamako, mbele ya mamako, basi usiyafanye.

Wabillahi tawfiq.