Tunanung'unika Njiani, Tunanyamaza Mkutanoni





Mtu akitaka kujua habari za mji wetu wa Namanyere hana haja ya kwenda mbali. Na akae kidogo stendi wakati gari la Sumbawanga linapakia abiria, au sokoni, au msibani, au hapa hapa nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Ataambiwa yote. Ataambiwa fedha za boma la darasa zimekwenda wapi, eneo la wazi ameuziwa nani, bomba la maji limekauka kwa uzembe wa nani, na ni kiongozi gani anayejenga haraka kuliko kipato chake. Atasimuliwa kwa majina na kwa tarakimu. Lakini akiuliza, "Je, maneno haya mliyasema mkutanoni?", atajibiwa kwa kicheko, au kwa kimya.

Kicheko hicho na kimya hicho ndivyo tunavyovipinga katika kurasa hizi. Tunasema bila kificho kwamba katika Namanyere na vijiji vinavyotuzunguka, adui mkubwa wa haki kwa sasa si kiongozi mbaya peke yake. Adui ni mazoea yetu ya kunung'unika njiani na kunyamaza mkutanoni.

Umbea humlinda mwizi

Tuliwahi kufika katika kigango kimoja, ambacho hatutakitaja, tukaonyeshwa kuta za darasa zilizojengwa kwa matofali ya kuchoma na nguvu za wananchi. Mvua za misimu miwili zilikuwa zimezinyeshea, na nyasi zilikuwa zimeota ndani. Waamini walitueleza, kwa uchungu na kwa uhakika mkubwa, kwamba fedha za bati zimeliwa, na aliyezila wakamtaja. Tukawauliza ni wangapi kati yao walihudhuria mkutano wa mwisho wa kijiji. Watu walikuwa wapata arobaini. Mikono iliyonyoshwa ilikuwa mitatu.

Baadaye tulimwendea yule aliyetajwa. Alituletea daftari na stakabadhi. Fedha zilikuwapo, ila hazikutosha, kwa kuwa bei ya bati ilikuwa imepanda baada ya mchango kukusanywa. Tukamwuliza kwa nini hakuwasomea wananchi hesabu hizo. Alikiri kwamba kwa miezi tisa hakuitisha mkutano, kwa kuogopa kuzomewa. Basi wananchi walimhukumu mtu bila kumsikiliza, naye akawaficha hesabu waliyokuwa na haki ya kuisikia. Na watoto wakaendelea kusoma chini ya mti.

Tafakarini jambo hili. Umbea hujidai kuwa sauti ya wanyonge, kumbe humtumikia mwenye hatia. Mwizi hana hofu na manung'uniko ya kilabuni, maadamu anajua kwamba hayatafika pale ambapo atalazimika kufungua daftari. Anayeumia ni mwaminifu, kwa sababu hana mahali pa kujisafisha. Neno linalosemwa nyuma ya mtu, hata likiwa la kweli, halijawa bado tendo la haki. Amri ya Nane haitukatazi uongo tu. Inatutaka tuheshimu jina jema la jirani, na jina hilo hulindwa kwa kuuliza mbele yake, si kwa kuhukumu nyuma yake.

Haki tuliyoiacha chini ya mti

Wengi hudhani kwamba mkutano wa kijiji ni hisani ya mwenyekiti, ambaye akipenda huuita na asipopenda huacha. Sivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, imeufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo chenye mamlaka ya juu kabisa katika kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Hauulizi chama, dini, kabila wala elimu. Unapaswa kukutana walau mara moja katika kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na ambayo wanawake wasipungue robo yake, haiko juu ya mkutano huo, inatokana nao.

Kadhalika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, lakini haikuipa ruhusa ya kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu. Nayo Katiba, katika ibara ya 18, inamtambulia kila raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Mwananchi anayeuliza mchango wake umefanya kazi gani hafanyi fujo. Anatimiza sheria ya nchi.

Nasi wa mjini tusijitoe kwa kusema kwamba hayo ni ya vijijini. Kitongoji nacho kina mwenyekiti na mikutano yake. Tena ni wangapi kati yetu wanaoishi Namanyere bila shamba la mahindi au la maharage kijijini?

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa, na mambo ya wananchi yakawa yanaamuliwa na watumishi waliotumwa kutoka juu. Zilirudishwa kwa sheria ya 1982, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani mwaka 1984 kwamba kuzifuta lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Wakati ule tulinyang'anywa sauti kwa amri. Leo hakuna amri kama hiyo. Tunajinyang'anya wenyewe, kwa uvivu na kwa woga, halafu tunamtafuta mchawi.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza: "Hayo ni siasa, na Mkristo ajihadhari na siasa." Kutafuta kura za chama si kazi yetu mapadre, wala madhabahu si jukwaa. Lakini maji ya watoto si mali ya chama. Papa Pius wa Kumi na Moja, katika waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha kanuni ya auni: kwamba jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo isinyang'anywe na kubwa. Kanuni hiyo ina upande wa pili tusioupenda. Jumuiya ndogo ikikataa kufanya lililo lake, kubwa italichukua, na haitakuwa na kosa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao uliwakabidhi walei, na si makasisi, wajibu wa kuyatia chachu ya Injili mambo ya dunia hii. Mlei anayekesha kanisani na kuukwepa mkutano ameifanya nusu ya utume wake.

Kisingizio cha pili: "Viongozi hao hatukuwachagua sisi, kwenda kwao ni kazi bure." Tunajua uchungu uliomo katika neno hilo. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, na vyama kadhaa vikajitoa. Uchaguzi wa Novemba 2024 nao uliacha malalamiko ya namna hiyo. Wanaodai uchaguzi wa haki wanadai jambo la haki. Lakini uchaguzi huja mara moja katika miaka mitano, na mkutano mara nne katika mwaka mmoja. Kiongozi aliyepata kura nyingi na aliyepita bila kupingwa wanabanwa sawasawa na wajibu wa kusoma mapato na matumizi. Ikiwa tumekosa mlango mmoja, kwa nini tuufunge wenyewe na ule uliobaki wazi?

Kisingizio cha tatu ndicho cha kweli, kwa hiyo hatutakicheka: ni hofu. Mama mjane huogopa kwamba akiuliza, jina lake litaachwa katika orodha ya msaada. Kijana huogopa kuitwa mchochezi. Dawa ya hofu hiyo si maneno makali ya padre, bali ni kutomwacha mtu aulize peke yake. Anayesimama mmoja huonekana mkaidi. Wakisimama jirani kumi na swali lile lile, kwa adabu na kwa kutulia, linakuwa swali la kijiji.

Na sisi je?

Hatuwezi kumdai mwenyekiti tusilolifanya wenyewe. Zipo parokia na vigango ambavyo zaka na mavuno hupokewa kwa nyimbo, na hesabu yake haisikiki tena. Waamini nao hunung'unika njiani, vile vile. Sisi mapadre tunaikubali lawama hiyo. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakusema, "Mimi ni mtume, niaminini." Aliwatuma pamoja na Tito ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili fedha ile isimletee lawama mtu yeyote, nasi tunaisoma habari hiyo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya nane. Samweli naye, uzeeni, alisimama mbele ya taifa zima akawataka waseme kama aliwahi kumchukulia mtu ng'ombe au punda. Ikiwa nabii na mtume walitoa hesabu, sisi ni nani hata tusiulizwe? Kigango kinachosomewa hesabu zake ndicho shule ya kwanza ya raia.

Tufanye nini?

Tunaziomba jumuiya zote mambo manne, kabla ya robo ya mwaka ijayo kwisha.

Mosi, kila jumuiya imwulize mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji tarehe ya mkutano ujao, na ikubaliane kwenda. Kama mikutano haiitishwi, wananchi waombe kwa barua, nakala imfikie mtendaji wa kata.

Pili, swali liandaliwe mapema na liandikwe: kimekusanywa kiasi gani, kimetumika kwa kazi gani, kimebaki kiasi gani na kipo wapi. Tuombe hesabu hizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Tatu, akina mama wasikae nyuma na kuachiwa kazi ya vigelegele. Anayechota maji ndiye anayejua bomba lilikauka lini.

Nne, na hili ni gumu kuliko yote: mtu asirudie tuhuma yoyote juu ya kiongozi ambayo hayuko tayari kuiuliza mbele yake.

Wazee wa Ufipa walilima kwa ntumba. Hawakuziacha nyasi zitapakae ovyo shambani. Walizikusanya na kuzifukia katika matuta ya duara, zikaoza, zikawa mbolea, na juu yake chakula kikaota. Malalamiko yetu ni nyasi za namna hiyo. Tukiyachoma kilabuni, tunabaki na moshi na majivu. Tukiyakusanya mahali pamoja, mbele ya wahusika, kwa subira na ukweli, yatatulisha.

Darasa lile tulilolitaja bado halina bati. Mkutano wake umekwisha kutangazwa. Waamini wa kigango kile wameahidi kwenda. Tuwaombee wasiishie njiani, nasi tuwafuate.