Udongo Umekataa, Lando Bado Anachimba

Wasee wa Kisumu, kuna swali hatupendi kuuliza. Ukishaflashi choo, hiyo kitu huenda wapi?

Utaniambia, "Kwa septiki." Sawa, halafu? Tangi la septiki halimalizi kazi. Uchafu mzito unatulia chini, maji machafu yanatoka kwenda shimo la kunyonya, na kutoka hapo ni udongo ndio unafaa kuyanywa polepole na kuyachuja. Udongo ukikataa, huna septiki. Uko na bwawa la mavi chini ya ploti.

Na udongo wa huku chini karibu na ziwa hukataa. Kuanzia Nyalenda hadi tambarare ya Kano kumejaa bleki kotoni, ule udongo mweusi wa kukuvua kiatu. Ukilowa unafura, unajifunga, maji hayapiti. Ukikauka unapasuka, unavuta kuta za tangi hadi zinafanya nyufa, na maji machafu yanateremka bila kuchujwa. Isitoshe, karibu na ziwa ukichimba kidogo tu unapata maji. Mvua ya Machi hadi Mei ikishika, shimo linajaa kutoka chini. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hadi likaingia kwa nyumba za watu. Unadhani vyoo vya hizo nyumba vilibaki vikavu?

Lando anajua haya yote. Bado anaweka vyumba kumi na mbili juu ya septiki ya familia moja. Ikifurika anasema wapangaji wanamwaga maji mengi. Anaita eksosta, mnachangishwa, na baada ya wiki chache harufu imerudi. Manze, eksosta inanyonya tangi. Hainyonyi udongo.

Kuna wenye watasema laini ya maji taka haijafika kwao, sasa wajenge wapi? Hiyo ni hoja ya maana. Lakini kama hakuna laini, jenga tangi lililozibwa kabisa, na gharama ya kulitoa iwe kwa hesabu yako, si kwa mfuko wangu. Punguza vyumba. Na kabla ya yote, pima udongo: chimba shimo, liloweshe vizuri, lijaze maji, uangalie yanashuka kwa kasi gani. Hiyo ni jembe, ndoo na saa. Mimi niliacha chuo, na bado naweza kuifanya.

Hii si stori ya harufu tu. Kuna ploti zenye kisima na choo vimepakana, na watoto wanaoga hayo maji, wengine wanayanywa. Kipindupindu na taifodi hazishuki kutoka mbinguni. Yanayobaki yanatiririka hadi Ghuba ya Winam, ambayo ni ya kina kifupi na karibu imezibwa, yanalisha magugu maji na ule ukijani. Halafu tunalaumu magugu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inakupa haki ya usafi wa mazingira wa kuridhisha. Kaunti isipitishe ramani yoyote ya nyumba bila majibu ya kipimo cha udongo. Na wewe, kabla ulipe dipoziti, wacha kuuliza Wi-Fi kwanza. Uliza maji ya choo yanaenda wapi na nani hulipa eksosta. Akianza kuzungusha maneno, songa ploti ingine.