Kisu cha Daktari Hakienezi Saratani

Katika kata ya Pasiansi, wilayani Ilemela, kando ya barabara iendayo Uwanja wa Ndege wa Mwanza, husikika kauli ambayo husikika pia Kirumba, Sengerema, Ukerewe na karibu kila mahali katika Kanda ya Ziwa: kwamba uvimbe ukishaguswa na kisu cha daktari, saratani husambaa mwili mzima na mgonjwa hafiki mbali. Kauli hii hutamkwa kwa nia njema. Huitamka mama mkubwa amhurumiaye binti wa mdogo wake; huitamka jirani aliyekwisha kuhudhuria misiba miwili mitatu ya namna hiyo; na mara nyingine huitamka hata mtu aliyesoma. Hata hivyo, si kweli. Na kwa kuwa huwafanya watu wenye uvimbe mdogo wangoje mpaka uwe mkubwa, inastahili kuhesabiwa miongoni mwa mambo yanayoua.

Mkazi wa Pasiansi hawezi kusingizia umbali. Daladala humfikisha mjini kwa muda mfupi, na juu ya kilima cha Bugando ipo hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo leo ina madaktari wa upasuaji, maabara ya patholojia, dawa za saratani na tiba ya mionzi. Zamani mgonjwa wa Mwanza aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kinachosimama leo kati ya mgonjwa huyo na tiba, aghalabu, ni gharama na hofu. Gharama ni suala la bajeti na bima. Hofu ni suala la elimu, na kwa hiyo inazihusu shule moja kwa moja.

Uzito wa jambo lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 Watanzania zaidi ya 40,000 walipata saratani, na karibu 27,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Aidha, tume ya wataalamu iliyotoa taarifa yake mwaka 2015 katika jarida la Lancet Oncology ilikadiria kwamba wagonjwa wa saratani zaidi ya 80 katika kila 100 duniani watahitaji kufanyiwa upasuaji angalau mara moja. Taifa linaloogopa kisu, basi, linaogopa sehemu kubwa ya tiba yenyewe.

Chanzo cha imani hii

Imani haizuki hivi hivi. Mgonjwa hukaa na uvimbe wa tumbo mwaka mzima, akijaribu dawa hii na ile. Anapofika hospitali bado anatembea kwa miguu yake. Daktari hufungua tumbo, hukuta ugonjwa umekwisha kuingia katika ini, hufunga tumbo, na baada ya majuma machache mgonjwa hufariki. Ndugu walimwona akiingia akitembea, wakamwona akitoka akibebwa. Wanahitimisha kwamba kisu ndicho kilichoueneza ugonjwa.

Hilo ni kosa ambalo kila mwanafunzi wa sayansi huonywa nalo. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini jogoo hakulichomoza jua. Swali la kisayansi halikomei kwenye kuuliza ni nani aliyekufa baada ya kupasuliwa. Linauliza pia: wale waliokuwa na ugonjwa wa kiwango kile kile, ambao hawakupasuliwa, waliishi muda gani? Bila kundi la pili la kulinganisha, kundi la kwanza halithibitishi lolote.

Mkulima wa Usukuma analijua gugu liitwalo kiduha. Mbegu yake huota chini ya udongo, hujishika kwenye mzizi wa mtama au mahindi, na kunyonya kwa majuma kadhaa kabla mtu hajaliona ua lake. Gugu moja likiachwa likomae hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Mkulima akiling'oa kabla halijatoa mbegu, ameuokoa msimu ujao. Akiling'oa likiwa limekwisha kumwaga mbegu, shamba litavamiwa tena. Lakini hakuna mwenye busara atakayesema kwamba mkono uliong'oa ndio uliopanda. Saratani nayo ndivyo ilivyo. Chembe zake hujitenga na uvimbe, huingia katika mishipa ya damu na ya limfu, na kwenda kujijenga katika mapafu, ini au mifupa, bila kungoja kisu cha mtu yeyote.

Ukweli wote usemwe. Yako matukio machache mno ambapo chembe za saratani zimeonekana kufuata njia ya sindano ya kipimo. Madaktari wanayajua na huchukua tahadhari. Uvimbe wa mfupa, kwa mfano, hupimwa kwa njia iliyochaguliwa mapema, ili nayo iondolewe pamoja na uvimbe siku ya upasuaji. Hatari hiyo ndogo haiwezi kulinganishwa na hatari ya kukaa na uvimbe usiojulikana ni kitu gani.

Kinyama na hadubini

Mara nyingi kisu cha kwanza hakikusudiwi kutibu. Hukusudiwa kuchukua kile ambacho wagonjwa wenyewe hukiita kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, pengine kisichozidi punje ya mchele. Kinyama hutiwa katika maji ya dawa yaitwayo formalini ili kisioze. Katika maabara hukaushwa maji, huzamishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, na kutiwa rangi. Ndipo mwanapatholojia hukitazama kwa hadubini na kuona kama chembe zimepangika kwa utaratibu wake wa kawaida au zimevuruga mpango wote.

Hakuna mkono wala jicho liwezalo kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Tezi iliyovimba shingoni yaweza kuwa kifua kikuu, ambacho hutibiwa kwa vidonge; yaweza kuwa saratani ya tezi, ambayo hutibiwa kwa dawa za kudunga mshipani; yaweza kuwa maambukizi ya kawaida tu. Kwa vidole zote hufanana. Vivyo hivyo, uvimbe wa titi kwa msichana wa sekondari mara nyingi sana si saratani, na jibu la maabara humrudishia usingizi. Hata pale ambapo jibu ni saratani, kinyama hicho hicho huonyesha iwapo chembe zake hutegemea homoni. Zikiwa hivyo, mgonjwa wa saratani ya matiti aweza kunufaika na vidonge vya tamoksifeni, ambavyo vimetumika kwa miongo mingi.

Askari wa wanyamapori anayefunzwa katika chuo cha Pasiansi hana budi kujua kusoma nyayo kabla ya kumwona mnyama. Mwanapatholojia husoma nyayo za ugonjwa. Anayeruka hatua hiyo huenda porini gizani.

Daktari aliyeweka kisu chini

Mfano bora wa jambo hili umetoka ng'ambo ya ziwa, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Alipochunguza kumbukumbu za wagonjwa aliona watoto wengi wa namna hiyo, na mwaka 1958 aliandika taarifa yake ya kwanza. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, wakipita hospitali za Afrika Mashariki na Kusini, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza ni wapi ugonjwa huo huonekana. Waligundua kwamba karibu na ikweta hupatikana katika nchi zenye joto na mvua, chini ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, mahali penye malaria nyingi. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Pwani zake zote zimo.

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona kwamba kisu hakikuwafaa watoto wale: taya hukatwa na ugonjwa hurudi. Akajaribu dawa, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake mjini London waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, na mwaka 1967 kituo maalumu cha tiba yake kikafunguliwa Mulago. Daktari yule aliweka kisu chini kwa sababu alijua ni ugonjwa gani anaoupigania, na asingejua bila kipimo. Mwalimu akumbuke pia kwamba chembe za saratani hiyo zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto ambaye taya lake linavimba na meno yanalegea asikalishwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ana jino bovu.

Kisu kinachozidi kuwa kidogo

Wale wanaodhani kwamba hospitali hupenda kukata watazame historia ya saratani ya matiti. Mwaka 1894 William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieleza upasuaji wa kuondoa titi lote, misuli ya kifua na matezi ya kwapani kwa pamoja. Kwa zaidi ya nusu karne wapasuaji wengi walimfuata, wakiamini kwamba kadiri unavyokata zaidi ndivyo unavyoponya zaidi.

Katika miaka ya 1970 Bernard Fisher nchini Marekani na Umberto Veronesi mjini Milan waliamua kuipima imani hiyo badala ya kuirithi. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliondolewa titi, wengine waliondolewa uvimbe tu na nyama chache zinazouzunguka. Katika utafiti wa Fisher wanawake 1,851 walifuatiliwa kwa miaka 20, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Walioondolewa uvimbe tu waliishi sawa na walioondolewa titi zima. Tofauti ilikuwa hii: bila mionzi, saratani ilirudi katika titi lile lile kwa wanawake 39 hivi katika kila 100, kwa waliopewa mionzi, ilirudi kwa 14 hivi.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, saratani iliyokusudia kusafiri husafiri mapema, na ukubwa wa kisu hauizuii wala hauichochei. La pili, neema hii ya kukatwa kidogo ina sharti. Uvimbe lazima uwe mdogo bado, na mionzi lazima iwepo. Sharti la pili sasa linatimizwa Bugando. La kwanza lipo mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake. Anayeogopa kisu kisha akangoja hujiandalia kisu kikubwa zaidi.

Katika saratani ya mlango wa kizazi sharti hilo huonekana wazi zaidi. Muuguzi hupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi. Sehemu yenye dosari hugeuka nyeupe, na yaweza kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa papo hapo, kabla haijawa saratani, bila kumlaza mwanamke. Kwa mabinti ipo chanjo, na utafiti uliosaidia kuirahisisha umefanyika Mwanza yenyewe. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa umri wa miaka 9 hadi 14 walipewa dozi moja, mbili au tatu, ikaonekana kwamba hata dozi moja huamsha kinga kwa karibu wote. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia kwenye dozi moja.

Wajibu wa shule na wa hospitali

Mada ya mgawanyiko wa chembe hai hufundishwa katika Biolojia ya sekondari, nayo aghalabu huishia kwenye michoro ya mtihani. Kipindi kimoja cha ziada chatosha kueleza kinachotokea pale mgawanyiko huo unapokosa breki, na kuwapa wanafunzi kauli ya "kisu husambaza" waichambue kama wanavyolichambua jaribio la maabara. Wazijue na dalili: uvimbe usiokwisha, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida kwa mwanamke. Katika vijiji vya malambo na majaruba ya mpunga, ambako kichocho kimefanya mkojo wa damu uonekane kuwa jambo la kawaida la wavulana, waelezwe kwamba kichocho cha muda mrefu huweza kuleta saratani ya kibofu.

Tusisahau kwamba katika nyumba nyingi mwanafunzi wa sekondari ndiye anayesoma barua ya rufaa, na ndiye anayemsindikiza bibi yake hospitali. Neno lake lina uzito kuliko bango la ukutani.

Lakini si haki kuwatwisha wananchi mzigo wote. Jibu la kinyama likichukua majuma mengi, hofu hupata muda wa kuota mizizi. Kila hospitali ya mkoa yafaa iweze kuchukua kinyama, kukihifadhi ipasavyo na kumpatia mgonjwa jibu kwa wakati, na vijana wengi zaidi wahimizwe kusomea patholojia na ufundi wa maabara. Naye daktari aliyefungua tumbo akakuta ugonjwa umeenea asiridhike na kuandika tu katika faili. Awaite ndugu, awaeleze kwa lugha wanayoielewa kwamba alichokiona kilikuwapo kabla yeye hajashika kisu. Maelezo hayo ya dakika kumi yasipotolewa, jirani wa Pasiansi atayatoa yake msibani, na mgonjwa mwingine ataahirisha safari ya Bugando.