STAA AFUNGA HEDA BANDEJI KUSAKA KIKI, DOGO WA TABATA NDO ANALIPA BILI!

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, ambaye mjini anajulikana kwa vitu viwili: nyimbo za mapenzi na Subaru inayonguruma mpaka alamu za magari ya jirani zinalia. Miezi kadhaa nyuma alitupia video. Gari imenyanyuliwa, taa zinamulika chini, heda zote zimezungushiwa tepu ya rangi ya dhahabu kama mguu wa majeruhi aliyetoka kufungwa bandeji Muhimbili. Akasema kuanzia siku hiyo gari imeongeza farasi, na anayetaka kuwa kama yeye aende gereji fulani ya mjini, kazi ni ya saa chache tu.

Mashabiki wakafa kwa malavu. Emoji za moto zikamiminika chini ya video. Hakuna aliyejua kwamba moto wenyewe ungekuja kweli, ila kwa mtu mwingine.

Ukweli usemwe kwanza, maana haki ni haki hata kwa mtu anayezingua. Kufunga heda siyo uchawi na siyo utapeli. Heda ni yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kila silinda na kuupeleka kwenye ekzosi. Injini ya petroli ikikimbizwa, moshi huo unaweza kupita nyuzi joto 800. Bandeji inazuia joto lisitoke nje ya bomba, na moshi wenye joto unakimbia haraka zaidi. Kwa gari ya turbo hiyo ni faida, kwa sababu turbo inazungushwa na moshi huohuo. Ukifika na joto lake lote, turbo inaamka mapema.

Faida ya pili ni kupoza chini ya boneti. Impreza WRX na Forester nyingi za turbo zina intakula iliyokaa juu kabisa ya injini, kwa hiyo joto la chini likipanda linaikuta palepale. Hewa inayoingia kwenye injini ikipoa kwa nyuzi 10 inashikana zaidi kwa kama asilimia 3, na hewa iliyoshikana ndo nguvu. Hosi za mpira, nyaya na plastiki nazo zinapumua.

Hapo staa yuko sahihi. Tatizo ni kwamba amesimulia nusu ya sinema.

Joto lililozuiwa kutoka halijaenda Ulaya. Limebaki kwenye chuma. Heda iliyofungwa inafanya kazi ikiwa na joto kali kuliko ile iliyo wazi, na kama ni ya bati jepesi, chuma kinachoka, kinakuwa kama biskuti, na sehemu zilizochomelewa zinaanza kupasuka. Ndo maana baadhi ya watengenezaji wa heda wanafuta dhamana wakikuta zimefungwa. Mbaya zaidi, ufa ukitokea hauonekani, umefunikwa.

Halafu kuna maji. Injini ya Subaru silinda zake zimelala, na heda zinapita chini yake, karibu kabisa na lami. Gari ikipita dimbwi la Jangwani wakati wa masika, bandeji inakunywa maji kama sponji. Mwenye gari akiendesha mwendo mrefu yatakauka. Akienda dukani na kurudi halafu akaipaki siku tatu, chuma kinalala kwenye kitambaa kibichi, katika mji wenye hewa ya chumvi kama Dar. Kutu inakula kimya kimya huku nje kunaonekana dhahabu.

Lakini kitu ambacho staa hakukigusa hata kwa sekunde moja ni oili.

Subaru za zamani, kila fundi wa mtaani anajua, zina tabia ya kuvuja kwenye gasketi za tapeti kava. Kwa sababu silinda zimelala, tone likidondoka linakutana na heda zilizo chini. Kwenye heda iliyo wazi, tone linaungua, harufu inaingia ndani ya gari, mwenye gari anakunja pua na kwenda gereji. Kwenye heda yenye bandeji, tone linanyonywa. La pili linanyonywa. La mia linanyonywa. Bandeji haitoboki wala haiungui, lakini sasa ni utambi. Oili ya injini ikishapita nyuzi 200 na kitu inatoa mvuke unaoweza kushika moto, na hapo iko juu ya bomba la moto kuliko hilo mara kadhaa.

Sasa huyo dogo. Ni kijana wa Tabata, anauza simu na makava Kariakoo, na jina lake nalo linabaki kapuni kwa heshima ya familia. Forester yake aliinunua kwa akiba ya miaka mitatu, na kilichopelea mama yake alikikopa kwenye kikoba. Aliiona video ya staa, akaiangalia usiku kucha. Asubuhi akaipeleka gari kwa mzee mmoja mwenye gereji mtaani kwao.

Mzee akaingia chini na tochi, akatoka anafuta mikono.

"Mwanangu, hii inavuja tapeti kava pande zote mbili. Tuzibe kwanza, hiyo bandeji ije baadaye."

"Mzee, hela ya vyote viwili sina. We weka bandeji, kuvuja tutarudi mwisho wa mwezi."

Ikawekwa. Siku ya kwanza ilitoa moshi, na dogo hakushtuka. Kwa nini ashtuke? Staa alisema kwenye video, huku anacheka, kwamba moshi ni kawaida. Na kweli, bandeji mpya hutoa moshi mara za mwanzo mpaka itulie. Lakini hakumalizia kwamba moshi wa mwanzo ukishaisha, moshi wowote unaorudi siyo kawaida tena, ni onyo. Sentensi moja tu, na ingechukua muda mfupi kuliko kile kicheko chake.

Wiki ya tatu, kwenye foleni ya Ubungo, hakuna upepo, injini inaunguruma palepale, moshi ukarudi. Dogo alikuwa na mdogo wake na washkaji wawili. Mdogo mtu akauliza kama wateremke. Akajibiwa kwamba ni kawaida. Dakika chache baadaye moto ulionekana pembeni mwa boneti. Wote wanne walitoka salama, Mungu ni mwema. Msamaria mmoja akafungua boneti wazi kabisa, moto ukapata hewa ya kutosha na ukasimama. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwemo, ule wa kuwaonyesha trafiki, umeisha muda zamani. Bima ilikuwa ile ndogo, ambayo haimlipi mwenye gari hata mia kwa gari yake mwenyewe. Imebaki mifupa ya gari na deni la kikoba, ambalo mama anakatwa kila Jumamosi.

Dogo ana makosa yake, na hilo halina ubishi. Aliambiwa na mtu mzima, akaruka. Lakini kumbebesha yeye mzigo wote ni uonevu, kwa sababu watu wa karibu na staa wanasema gari ya staa iliishafunguliwa bandeji kitambo. Fundi wake alikuta heda moja ina ufa, zikatolewa zote, na sasa zimepakwa rangi ya kauri. Yaani yeye aliona hasara, akarekebisha kimyakimya, na video ikabaki palepale inakusanya watazamaji. Waliojaribu kumuuliza kuhusu moto wa Ubungo walifutiwa maoni yao.

Wapambe wake wanajitetea kwamba hata magari ya mashindano yanafungwa. Sawa. Gari ya mashindano inafunguliwa kila baada ya mbio, bandeji ikigusa oili inatupwa, na ina mitungi ya moto inayofanya kazi. Inaishi kwa kukaguliwa. Gari ya kwenda kazini inaishi kwa "tutaangalia mwisho wa mwezi". Kuchukua dawa ya moja na kumnywesha mwingine ndo ujinga wenyewe.

Anayetaka kweli kufunga, njia ipo. Aanze na gasketi, kisiwepo hata kitone kinachovuja. Heda ziwe za stenlesi nzito. Tepu za nyuzi za kioo huvumilia kama nyuzi 650 tu na huwasha ngozi vibaya, kwa hiyo za mwamba wa volkano ni bora kwenye turbo. Zikaguliwe kila gari inapopanda kwenye jeki, na ikionekana alama ya oili zinakatwa siku hiyohiyo. Mtungi wa moto uwe mzima.

Na kwa asiye na turbo, anayeenda Posta na kurudi, bandeji ni mapambo. Faida yake hataisikia hata akizima redio. Bora arudishe lile bati la kiwanda la kuzuia joto, ambalo mafundi wengi hulitupa eti linapiga kelele.

Staa naye bado ana nafasi. Video haimgharimu kitu. Arudi mbele ya kamera, aonyeshe ile heda yenye ufa, aseme alichokificha. Hatapungukiwa na shoo hata moja, na pengine dogo mwingine atashuka kwenye gari mapema.

Wadau, kati ya staa, fundi na dogo, nani alipe deni la kikoba cha mama? Dondosha maoni hapo chini, hapa hayafutwi.