Mega zinaisha mbio: nani analipa bahasha?

Bukavu, Goma, Uvira, lalamiko ni moja: mtu ananunua mega asubuhi, mchana zimeisha. Wengi wanasema kampuni zinaiba. Lakini kuna mzigo mwingine ambao hauonekani: bahasha.

Kwenye intaneti kila habari inakatwa vipande, na kila kipande kinavalishwa anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Bahasha hiyo peke yake ni baiti 40 hivi. Kipande kikiwa kikubwa, cha baiti 1,500, hasara haifiki 3 kwa 100. Waya wa Etaneti unaongeza baiti 38 zake. Hata hivyo karibu 95 kwa 100 ni mzigo wenyewe. ATM, teknolojia ya zamani ya makampuni ya simu, ilikata vipande vya baiti 53, na 5 kati yake ni bahasha: zaidi ya 9 kwa 100 zinapotea.

Wi-Fi iko na shida nyingine. Kila kifaa kinangoja zamu, kisha kinangoja jibu kwamba kipande kimefika. Ndiyo maana Wi-Fi ya megabiti 54 inatoa karibu nusu tu. Hapo muda ndio unaopotea, mega hazigusiwi.

Mzigo mzito uko kwenye sauti. Simu ya intaneti inaweza kutuma baiti 20 za sauti mara 50 kila sekunde, na kila mara zinabeba bahasha ya baiti 40. Dakika moja, upande mmoja, ni baiti 180,000, na 120,000 kati yake ni bahasha tupu. Mnara unaweza kubana anwani hizo hewani, lakini kwa kawaida hesabu ya mteja inafanywa kabla hazijabanwa. Kwa hiyo bahasha analipa mteja.

Mwaka 2025 ARPTC ilipatia Starlink leseni. Satelaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, si 36,000 kama zile za zamani, na jibu linarudi mbio. Lakini njia ikifupika, bahasha inabaki ileile.

Kwa mwenye mega kidogo, funzo ni hili: sauti iliyorekodiwa na kutumwa mara moja inasafiri katika vipande vikubwa. Maneno ni yaleyale, bahasha ni chache.